Tegu: Nani Alimwambukiza Nani?

Jamani, leo naomba mnivumilie. Mada yenyewe si ya kusoma huku unakula.

Juzi nilikuwa Karatu kikazi. Jioni tukakaa na jamaa wawili wenyeji mahali panapouzwa kitimoto, tukaagiza kilo moja na ndizi. Nyama ikachelewa. Mmoja akaanza kupiga kelele: "We dada, lete hivyo hivyo!" Mwenzake, kijana wa Kiiraqw, akamkata: "Asilete mpaka iive. Mdogo wangu ana kifafa." Nikacheka nikidhani ni utani. Haukuwa utani. Nikaona aibu, na niliporudi Dar nikaanza kusoma.

Wengi wetu tunaamini tegu ni mkosi tulioletewa na mifugo. Kumbe historia inasema kinyume. Mwaka 2001 watafiti walioongozwa na Mmarekani Eric Hoberg walichunguza ukoo wa tegu, wakakuta kwamba ndugu wa karibu wa tegu wetu wanaishi kwenye matumbo ya simba na fisi wa Afrika. Maana yake ni kwamba mababu zetu walimpata tegu walipoanza kula swala wale wale walioliwa na simba na fisi, zamani sana kabla mtu hajafuga chochote. Tulipokuja kufuga ng'ombe na nguruwe, ndani ya miaka 10,000 hivi iliyopita, sisi ndio tuliowaambukiza!

Sasa toka Karatu, panda geti la Loduare, pita ukingo wa kreta, teremka mpaka Oldupai. Hapo ndipo Mary Leakey alipolipata fuvu la Zinjanthropus mwaka 1959. Mifupa ya wanyama iliyofukuliwa hapo, ya miaka kama milioni 1.8, ina alama za mawe ya kukatia nyama, na mingine ina alama za meno ya wanyama wala nyama. Tulikuwa tunagombea mzoga mmoja na fisi. Tegu haachi mfupa wa kuwekwa makumbusho, lakini karamu yenyewe ilikuwa ya namna hiyo.

Wamasai nao wamemjua siku nyingi. Wanachemsha magome ya mti wanaouita olmukutan kufukuza minyoo. Wanasayansi waliuita *Albizia anthelmintica*, na hilo neno la pili maana yake ni hiyo hiyo, dawa ya minyoo. Ulaya walikuwa bado wanabishana. Mjerumani Küchenmeister alimaliza ubishi mwaka 1855 kwa kumlisha mfungwa aliyehukumiwa kifo vifuko vya nyama ya nguruwe, bila kumwambia. Baada ya hukumu kutekelezwa, tegu wachanga walikutwa tumboni mwake. Ukatili mtupu.

Turudi kwa yule mdogo mtu. Ukila nyama mbichi yenye vifuko unapata tegu wa tumboni, na huyo anatibika kwa vidonge. Kifafa kina njia nyingine. Mwenye tegu anatoa mayai kwenye kinyesi. Mayai hayo yakiingia kinywani mwa mtu kwa maji, mboga au mikono michafu, vifuko vinajijenga ndani ya mwili, hata kwenye ubongo. Kwa hiyo hata asiyegusa kitimoto maisha yake yote anaweza kuugua. Rafiki yangu alikuwa sahihi nusu. Nyama iive, sawa, lakini choo je?

Na jambo hili halikuanzia baa. Mbulu, wilaya ambayo Karatu ilimegwa kutoka kwake, Helena Ngowi wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzake walikagua ndimi za nguruwe 770. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004: asilimia 17.4 walikuwa na vifuko. Madaktari wa hospitali ya Haydom nao waliwapiga picha za CT watu wenye kifafa, wakaviona vifuko hivyo kwenye ubongo wa baadhi yao. Ngorongoro kuna tegu mwingine, wa mbwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta malengelenge yake kwa zaidi ya nusu ya kondoo waliochinjwa. Mbwa akitupiwa maini yenye ugonjwa, mzunguko unaanza upya.

Kinachoniuma ni kwamba mpaka leo mtoto akianguka kifafa watu wanaogopa kumgusa, wanasema amerogwa, kisha tunatafuta mchawi ni jirani gani. Kumbe dawa ni choo, sabuni, banda la nguruwe na moto wa kutosha chini ya sufuria. Ngowi na wenzake walitoa elimu Mbulu, na maambukizi mapya kwa nguruwe yakapungua. Elimu tu!

Kitimoto nitaendelea kula, sitawadanganya. Ila siku hizi nasubiri iive, na nikifika sehemu nauliza kwanza choo kiko wapi. Wewe kwenu vipi, mwenye kifafa anachukuliwaje?