Panya Hasomi Ramani

Kuna watu hupita Pumwani na kusema, "Hawa watu wamezoea uchafu." Mimi hiyo story siinunui. Hebu turudi nyuma kidogo.

Nairobi ilianza 1899 kama kambi ya reli, kwenye tambarare yenye kinamasi. Mvua ikinyesha, maji yanatuama. Mwaka wa 1902 tauni ikazuka kwenye soko la Wahindi, Indian Bazaar. Serikali ilifanya nini? Ilichoma soko moto.

Sasa, tauni huletwa na viroboto wa panya. Panya haulizi wewe ni kabila gani. Anafuata chakula na takataka. Kumzuia ni kuzoa taka, kuchimba mitaro na kuhifadhi nafaka vizuri. Shida ni kwamba hizo kazi zinataka pesa kila mwezi. Kuchora mstari kwenye ramani ni rahisi zaidi.

Na mstari ukachorwa. Mwaka wa 1913 alikuja mtaalamu wa afya kutoka Uingereza, Profesa W. J. Simpson, akashauri mji ugawanywe kwa rangi: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao. Sababu? Ati afya.

Mapema miaka ya 1920, Pumwani ikafunguliwa kama makazi rasmi ya Waafrika, na vijiji kama Mombasa na Maskini vikabomolewa. Kanjo iligawa viwanja na kuweka vyoo vya jumuiya. Nyumba? Watu walijijengea wenyewe, fito na udongo. Pangani nayo ilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, wenyeji wakaelekezwa Shauri Moyo.

Kinachoniuma ni hiki. Mwaka wa 1923, kwenye Waraka wa Devonshire, London yenyewe ilikubali kwamba kutenga Wazungu na Wahindi si lazima kwa afya; sheria za usafi na ujenzi, zikifuatwa bila ubaguzi, zinatosha. Yaani walijua! Lakini Mwafrika akaachwa palepale alipowekwa.

Kwa hivyo usiniambie mtaa ni mchafu kwa sababu ya watu wake. Mtaa hukosa mtaro kwa sababu kuna mtu ofisini aliamua pesa ziende upande mwingine. Siku nyingine ukisikia nyumba za watu zinabomolewa "kwa sababu ya afya", uliza swali moja tu: kabla ya tingatinga, mtaro mlichimba lini?