Umri wa ruta yetu

Ndugu msikilizaji, hapa Mchukwi nina duka la kupiga chapa na fotokopi. Kila msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu vijana hujaa mlangoni wajaziwe fomu kwa intaneti. Mwaka jana, siku ya mwisho, mtandao ulikatika mara nne, na binti mmoja fomu yake ilipokewa zikiwa zimebaki dakika chache kufika saa sita usiku. Mama yake alikuwa amekaa nje kwenye benchi.

Kampuni inayotuuzia intaneti, ambayo sitaitaja, ilinijibu kwamba tuko mbali na mitambo, na kwamba ruta waliyonifungia mwaka 2014 ilikuwa mpya kabisa. Kwa mashine hiyo nilikuwa nalipa kodi kila mwezi. Basi nikaipindua.

Chini yake kuna kibandiko. Wengi hukimbilia ile anwani ya mashine, herufi na tarakimu 12, wakidhani inataja mwaka. Haitaji. Mtindo wa anwani hizo ulitangazwa na kampuni za Digital, Intel na Xerox mwaka 1980, na nusu yake ya kwanza humtambulisha mtengenezaji tu. Umri utafute kwenye namba ya mfululizo. Kila kiwanda kina desturi yake. Yangu ni Cisco, nao huanza na herufi tatu za kiwanda, kisha tarakimu mbili za mwaka na mbili za wiki. Ule mwaka ni fumbo kidogo, sharti uujumlishe na 1996. Yangu imeandikwa 1224. Kumi na mbili ukijumlisha na 1996 unapata 2008, wiki ya 24, yaani katikati ya Juni.

Sikuamini, nikatafuta shahidi wa pili. Waifai ya aina ya g iliidhinishwa mwaka 2003 na ile ya n mwaka 2009. Ruta yangu inaishia kwenye g.

Juni 2008, ndugu msikilizaji! Kibiti yetu ilikuwa bado ndani ya Wilaya ya Rufiji. Mkongo wa SEACOM uliopita chini ya bahari haukuwa umeanza kazi Dar es Salaam. Ulianza Julai 2009, na kabla yake intaneti yetu na nchi za nje ilitegemea setilaiti, kwa bei ya kutisha. Mashine hii ina umri mkubwa kuliko njia inayoitumikia, na iliponifikia ikiitwa mpya ilikuwa na miaka sita.

Kilichonitia hofu zaidi ni programu iliyomo, maana nayo hutaja tarehe yake ukiiuliza: 2008. Oktoba 2017 watafiti walitangaza kasoro katika ulinzi wa waifai duniani kote, na dawa yake ilikuwa programu mpya. Yangu haikuguswa. Vitambulisho na vyeti vya vijana wangapi vimepita humo?

Nikaandika barua, nikanakili namba yote na hesabu yake, nikadai kodi yangu. Kuhusu kodi bado wako kimya. Ila Jumanne fundi alifika na boksi jipya. Kabla hajalichomeka kwenye umeme nilimwomba alipindue, tukasoma pamoja.