Makaburi ya Mashujaa, Songea

Leo tujitayarishe kwa safari ya darasa kwenda Songea mjini, mtaa wa Mahenge, penye Makumbusho ya Majimaji.

Vita vya Majimaji vilianza Julai 1905 huko Umatumbi, maana Wadachi, yaani Wajerumani, waliwalazimisha watu kulima pamba. Kabla mwaka haujaisha Wangoni nao waliingia vitani. Waliambiwa kwamba dawa itageuza risasi kuwa maji. Haikugeuza. Wadachi wakachoma mashamba na maghala, na njaa ikaua watu wengi kuliko bunduki.

Tarehe 27 Februari 1906 wakuu na wapiganaji wa Kingoni walinyongwa, wakazikwa katika kaburi moja. Mashujaa 67 hukumbukwa hapo kila mwaka. Mkifika, vueni kofia, kisha someni majina yao polepole, moja moja.

Nduna Songea Mbano, ambaye mji umepewa jina lake, alizikwa peke yake. Wazee husema kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Mwaka 2023 Rais wa nchi hiyo, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo akaomba msamaha, akaahidi kusaidia kukitafuta.

Wewe unayejua kusoma sasa, rudi nyumbani na jina moja, uwaandikie wanao.

Maswali:
1. Wamatumbi walilazimishwa kulima nini?
2. Nani alizikwa peke yake?
3. Ni jambo gani bado linatafutwa?