Mwandishi akitishwa mtandaoni, asifute

Nina mwenzangu Kisumu, mwandishi wa habari. Kila maandamano yakizuka Kondele, simu yake hujaa matusi na vitisho; mara ya mwisho hata nambari yake ilisambazwa. Alikuwa akivifuta ili apate usingizi. Nikamwambia: usifute, huo ndio ushahidi wako.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu uhalifu wa mtandaoni, kifungu cha 27, iliweka kwa mtishaji adhabu ya faini ya hadi shilingi milioni 20, au kifungo cha hadi miaka 10, au vyote viwili. Mahakama yaweza pia kuiamuru kampuni ya simu itoe taarifa za mwenye laini.

Kwa hivyo, piga picha ya skrini inayoonyesha jina, tarehe na saa. Piga ripoti polisi upewe nambari ya OB. Mjulishe mhariri wako, na Baraza la Vyombo vya Habari.

Lakini sheria hiyo hiyo ya 2018, vifungu vya 22 na 23, ilimlenga pia achapishaye uongo kwa makusudi. Hakikisha habari kabla ya kuirusha.

Na usibebe peke yako. Usiku mwenzangu humwachia dadake simu, asome na kuhifadhi yeye. Alhamdulillahi, sasa analala.