Kutoka Fanusi hadi Taa za Kamba: Mwangaza wa Nje katika Usiku wa Unguja

Katika kitabu chake cha kumbukumbu kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1886, Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 na kuihama mwaka 1866, anasimulia jinsi mabibi wa kasri walivyotoka usiku kwenda kuzuriana. Mbele yao zilitangulia fanusi kubwa zenye vioo vya rangi, zimebebwa na watumwa, na wingi wa fanusi ulikuwa kipimo cha cheo cha bibi anayepita. Wasomaji wengi huyapita maelezo hayo kama pambo la hadithi. Lakini yana habari nzito kuhusu mwangaza wa nje katika mji huu: fanusi ilimwonyesha bibi pa kukanyaga, na wakati huo huo ilimwonyesha yeye kwa waliokaa barazani. Majina ya waliozibeba hayakuandikwa popote.

Yafaa habari hiyo ikumbukwe leo, wakati ambapo globu ndogo zilizofungwa kwenye waya mmoja mrefu, ziitwazo taa za kamba au taa za mapambo, zimetanda juu ya mapaa ya hoteli, kwenye nyua za harusi na mbele ya migahawa ya ufukweni. Mnunuzi akifika dukani huzilinganisha kwa idadi ya globu, kwa urefu wa waya na kwa bei. Hivyo ni vipimo, ila ni vipimo vya muuzaji. Historia ya pwani ina kipimo kingine, nacho ni kuuliza taa inamwangazia nani: mwenye nayo, anayeitazama kwa mbali, au waliokaa chini yake?

Sultani Barghash bin Said, ndugu yake Salme kwa baba, alitawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888. Mwaka 1875 alizuru Uingereza. Alipenda ujenzi na mambo mapya. Ndiye aliyeuletea mji maji ya mfereji, na ndiye aliyejenga Beit al-Ajaib, jumba lililokamilika mwaka 1883 na ambalo linatajwa kuwa la kwanza mjini kuwekwa umeme. Mbele ya jumba hilo, kuelekea bahari, palisimama mnara wa taa uliozungukwa na safu za taa. Mabaharia wa Kiingereza waliotia nanga bandarini waliubandika jina la utani: mti wa Krismasi wa Sultani.

Utani huo ulikuwa wa wakati wake. Mwezi wa Desemba mwaka 1882, mjini New York, Edward Johnson, mmoja wa wakuu wa kampuni ya umeme ya Thomas Edison, aliupamba mti wa Krismasi nyumbani kwake kwa globu 80 nyekundu, nyeupe na buluu, zilizounganishwa kwa mkono, na mti wenyewe ukawa unazunguka. Hapo ndipo wengi wanapoanzia wanapoandika historia ya taa za kamba. Watu wa kawaida wa Ulaya na Marekani waliendelea kwa miaka mingi kupamba miti yao kwa mishumaa, kwani umeme ulikuwa anasa ya matajiri. Kwa hiyo taa ya kamba ya New York na kukamilika kwa jumba la Unguja zimepishana kwa mwaka mmoja tu, na zote mbili zilitoka katika hamu moja, ya tajiri kuonekana. Baharia aliona pambo. Sultani alikuwa ameweka alama ya dola, inayoonekana kutoka baharini kabla ya mji wenyewe kuonekana.

Alama hiyo haikudumu. Tarehe 27 Agosti 1896, baada ya Sayyid Khalid bin Barghash kukikalia kiti cha usultani bila ya ridhaa ya Waingereza, manowari zao ziliupiga mji mizinga kwa dakika zisizozidi 45. Watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Beit al-Hukm iliharibika vibaya, na mnara wa taa nao ukaharibika usitengenezeke tena. Mwaka uliofuata mnara mpya wenye saa ulijengwa kwenye uso wa Beit al-Ajaib, na huo ndio uliojulikana na vizazi vyote vilivyofuata, mpaka sehemu ya mbele ya jumba ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili.

Hayo ni ya kasri. Mitaani, taa zilikuwa nyingine kabisa: kibatari cha bati chenye utambi na moshi, kandili, na chemli, ambayo jina lake limetokana na neno la Kiingereza la bomba la kutolea moshi, kwa sababu ya kile kioo chake kirefu. Kisha ikaja karabai. Taa hii ya mafuta ya taa yanayosukumwa kwa pampu, yakageuka mvuke na kuunguza kifuko cha kitambaa kilicholoweshwa dawa, ilitegemea uvumbuzi wa Carl Auer von Welsbach wa Austria wa miaka ya 1880, na ilienea duniani mwanzoni mwa karne ya 20, kampuni ya Ehrich & Graetz ya Berlin ilipoanza kuuza taa yake ya Petromax. Karabai moja ilitosha uwanja mzima wa maulidi. Ilikuwa na kero zake: ilivuma bila kukoma, iliunguza mikono, na kifuko chake kilikatika kwa mtikiso mdogo. Hata hivyo, mwanga wake ulikuwa mweupe na mtulivu, ukitoka mahali pamoja, na watu walikaa kuuzunguka.

Kwa wapenzi wa ushairi jambo hili si dogo. Kwa karne nyingi tendi na mashairi ya Kiswahili yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na katika herufi hizo be, te na the hutofautiana kwa nukta tu. Msomaji aliyeketi mbele ya kibatari kinachopepeswa na upepo wa kusi, mwenye mswada uliokunjwa mara nyingi na wino uliofifia, alihitaji ama macho ya kijana ama kifua kilichohifadhi beti kabla. Si ajabu basi kwamba utamaduni wa kughani kwa moyo ulistawi. Kuhifadhi kulikuwa na sababu zake kubwa za elimu na dini, lakini ufinyu wa mwanga ulikuwa mwalimu mmojawapo, ingawa hatajwi. Aliyekuja na karabai aliwapa wasikilizaji nafasi ya kuuona uso wa mghani, na akampa mghani nafasi ya kufungua daftari. Kwa kipimo hiki, karabai iliushinda mnara wa Sultani.

Sasa zitazamwe taa za kamba zenyewe. Tofauti ya kwanza kati ya nzuri na mbaya haionekani kwa macho, kwani imo katika jinsi zilivyoungwa. Katika kamba za zamani za bei rahisi globu ziliungwa kwa mfululizo: umeme wa volti 230 ukagawanywa, tuseme, kwa globu 20 za volti 12 hivi kila moja. Globu moja ikiungua, njia ya umeme imekatika na kamba nzima imezimika. Wapambaji wa harusi wa zamani waliijua adha hiyo ya kupanda ngazi na kujaribu globu moja moja huku bibi harusi anasubiriwa. Baadaye watengenezaji walitia ndani ya globu kiunganishi kidogo kinachoupitisha umeme pale waya wa ndani unapokatika, ila kila globu inayokufa huzibebesha zilizobaki mzigo wake, nazo hufa kwa haraka zaidi. Katika kamba bora globu huungwa sambamba, kila moja ikipata umeme wake kamili. Ikifa, hufa peke yake.

Tofauti ya pili ni ya kisiwani zaidi. Kwenye makasha ya taa za nje huandikwa alama kama IP44 au IP65. Tarakimu ya kwanza inahusu vumbi na vitu vigumu, ya pili maji: IP44 inastahimili maji ya kurushwa kutoka pande zote, na IP65 haiingizi vumbi na inastahimili hata maji ya mpira. Alama hizo zimewadanganya wengi wa pwani, si kwa kuwa ni za uongo, bali kwa kuwa hazisemi neno kuhusu chumvi. Hewa ya bahari hula vikalio vya chuma chembamba vilivyopakwa rangi ya shaba, na jua la ikweta hukausha plastiki ya waya mpaka ipasuke. Kamba yenye waya wa mpira mzito na vikalio visivyoshika kutu hudumu misimu. Ile yenye waya mwembamba kama uzi wa kushonea huwa takataka kabla ya Idi nyingine kufika. Nzito, kwa kawaida, ndiyo bora, na mkono huweza kuamua hili kabla ya jicho.

Tofauti ya tatu ni rangi ya mwanga. Mwali wa mshumaa upo karibu na kelvini 1,900 na globu ya zamani ya waya karibu na 2,700. Taa za diodi, zijulikanazo kwa herufi LED, hutoa mwanga mweupe kwa kuanzia na buluu, na zile za bei rahisi hufika kelvini 6,000 na zaidi. Chini ya mwanga huo pweza aliyechomwa huonekana kama aliyekufa mara mbili, na uso wa mtu hupoteza wekundu wake. Mwanga wenye buluu nyingi ndio pia unaowavuta wadudu zaidi. Atakayetundika kamba ya namna hiyo msimu wa mvua atakula na kumbikumbi. Kamba ya diodi ya rangi ya joto, karibu na kelvini 2,700, haina aibu hizo, na inashinda globu za zamani kwa matumizi: globu 20 za wati 25 hula wati 500, ilhali za diodi za wati 2 hula wati 40.

Hesabu hiyo ilipata maana yake katika miaka ambayo watu wa Unguja hawaisahau. Kisiwa kilikuwa kikipata umeme kutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari mwaka 1980. Mwezi wa Mei 2008 umeme ulikatika kwa muda wa mwezi mzima. Mwaka 2009 bustani ya Forodhani ilifunguliwa upya baada ya ukarabati uliofanywa na mfuko wa utamaduni wa Aga Khan, na miezi michache tu baadaye, Desemba 2009, waya ulikufa tena, mpaka Machi 2010. Kwa miezi mitatu hoteli zilinguruma kwa majenereta. Jenereta ndogo ya nyumbani haikufikia hata wati 1,000, na kamba moja ya globu za zamani ingemeza nusu yake. Vibatari, chemli na karabai zilitoka stooni. Mauti ya waya ule yaliugawa mji waziwazi: waliokuwa na mwanga walionekana kutoka mbali, kama mabibi wa fanusi, na wengine wakakaa kizani wakiwatazama. Waya mpya wenye uwezo wa megawati 100 ulianza kazi mwaka 2013.

Tangu hapo taa za kamba zimezidi, na nyingi zimeelekezwa kwa mtazamaji wa mbali, yaani mgeni anayepita na kamera. Mtu anaweza kuketi chini ya globu 200 zinazowakawaka na asiweze kusoma ubeti mmoja, kwa kuwa zote zimetundikwa juu mno na hakuna hata moja iliyoshushwa mezani. Kwenye fukwe ambako kasa hutaga, kama Misali na Mnemba, kosa hilo ni kubwa zaidi. Vitoto vya kasa vikianguliwa usiku hufuata upande wenye nuru, ambao kwa maumbile ni bahari. Taa za nchi kavu huvigeuza vikaelekea majanini na kufia huko. Kwa fukwe za aina hiyo taa bora ni ndogo, nyekundu au ya manjano iliyokoza, iliyofunikwa juu na kuinamishwa, na kuzimwa mapema.

Wavuvi wa dagaa nao wana ulinganishi wao, na pengine ndio wakali kuliko wote. Kwa miaka mingi walitoka na karabai, na usiku wa kiza mtu akisimama Forodhani aliziona zimejipanga baharini, taa baada ya taa. Siku hizi wengi wamehamia taa za diodi na betri, ambazo haziogopi upepo wala hazitaki mafuta. Wanazipima kwa wingi wa samaki wanaokuja juu. Na mbalamwezi inapokuwa pevu hawaendi, kwa sababu bahari yote imekwisha kuangazwa.