Kitenzi «take»: neno fupi la Kiingereza, maana nyingi

Tangu vita ya 2022, Waukraine wengi walikimbilia inchi za kigeni, Uingereza ikiwa mojawapo. Kule wanapaswa kujua Kiingereza mbio, na neno moja fupi linawasumbua: «take», linalosomwa «teik».

Maana yake ya kwanza ni kukamata ao kutwaa, sawa na «braty» katika luga yao. Lakini haiishii pale. Mwingereza «anakamata» dawa. Muukraine anasema mara nyingi «pyty liky», ndiyo kusema kunywa dawa, kama sisi. Mwingereza «anakamata» picha. Muukraine anaifanya, sisi tunaipiga. Mwingereza «anakamata» basi. Muukraine anakaa juu yake, sisi tunaipanda.

Likifuatwa na «off», maana inageuka: ndege inaruka, ao mtu anavua nguo. Munganga akilitamka vile, mgonjwa avue shati, asitafute ndege! Na «take your time» si kukamata saa ya mtu: ni kumwambia asiharakishe.

Basi, anayejifunza asilishike neno hili peke yake. Alishike pamoja na neno linalolifuata, sababu pale ndipo maana iko.