Saa moja iliyosimamisha reli ya Uingereza

Julai 1982 treni za Uingereza zilisimama kwa wiki mbili kwa sababu ya saa moja. British Rail, shirika la reli la taifa, lilitaka zamu ya dereva iweze kuwa ya saa saba leo na saa tisa kesho, kufuatana na treni zilizopo. ASLEF, chama cha madereva, kikajibu kwamba zamu ni saa nane, basi. Abiria aliyekuwa stesheni akitazama ubao wa ratiba usio na treni aliona watu wazima wanagombania kitu cha kitoto. Kumlaumu ni vigumu. Lakini saa hiyo moja ilikuwa na historia ya miaka mia, na baadhi ya kurasa zake ziliandikwa kwa damu.

Chama chenyewe kilianzishwa mwaka 1880. Jina lake refu ni Associated Society of Locomotive Engineers and Firemen, yaani madereva na watia makaa wao. Chama cha wafanyakazi wote wa reli kilikuwapo tayari tangu 1871, ila watu wa kwenye vichwa vya treni walijiona ni wa namna nyingine. Kijana alianza kwa kusugua injini usiku, akapandishwa kuwa mtia makaa, akashika koleo miaka mingi, na alipokabidhiwa treni yake mwenyewe nywele zilikuwa zimeanza kugeuka rangi. Kazi iliyomgharimu mtu nusu ya maisha haigawanywi kirahisi na mpagazi wa mizigo. Majivuno hayo yamekipa chama nguvu tangu siku ya kwanza, na yamekiletea maadui wengi kuliko mabosi peke yao.

Zamu za saa 12 zilikuwa jambo la kawaida wakati huo, na za saa 15 au 18 hazikumshangaza mtu. Kampuni za reli zilikuwa za watu binafsi, na dereva aliyelalamika alijua kuna vijana kumi wenye koleo wanaosubiri nafasi yake. Bunge lilikuja kuamshwa na ajali, na kati ya ajali zote za zama zile ninayoona inaeleza hali vizuri zaidi ni ya mwongoza ishara, wala si ya dereva.

Novemba 1892, karibu na Thirsk kaskazini mwa Uingereza, mwongoza ishara James Holmes alifiwa na mtoto wake mchanga. Alikuwa amekesha na kuzunguka kutwa, kwanza akitafuta daktari, kisha akishughulikia msiba. Alimwambia mkuu wa stesheni kwamba hawezi kuingia zamu ya usiku. Hakupatikana wa kumshika mkono, akaingia. Usingizi ulimchukua akiwa kwenye kibanda chake. Alipozinduka alisahau kwamba kuna treni ya mizigo imesimama mbele yake, akairuhusu treni ya abiria ipite. Watu 10 walikufa. Mahakama ilimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, lakini haikumpa adhabu yoyote, na huruma ya umma ikawa upande wake. Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha sheria iliyoipa serikali uwezo wa kuzibana kampuni zilizowatumikisha wafanyakazi wa reli saa za kupita kiasi. Meno ya sheria hiyo yalikuwa mafupi, lakini kwa mara ya kwanza ilikubaliwa rasmi kwamba uchovu wa mfanyakazi ni hatari kwa abiria.

Ushindi wenyewe ulikuja baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Serikali ilikuwa bado inazisimamia reli, askari walikuwa wanarudi nyumbani, mapinduzi ya Urusi yalikuwa gumzo kila mahali, na hakuna waziri aliyetamani mgomo. Zamu ya saa nane ikakubaliwa, ikaanza kutumika Februari 1919. Baba na babu wa madereva wale walifanya kazi mara mbili ya hapo. Kwao saa nane zilikuwa kama mpaka wa shamba la ukoo, ambao jirani akisogeza jiwe hatua moja tu, ugomvi unaamka.

Septemba mwaka huohuo reli yote ilisimama kwa siku tisa, na ASLEF iligoma pamoja na chama kikubwa cha reli, NUR, ingawa madereva wenyewe walikuwa wameshapata makubaliano yao. Fadhila hiyo haikulipwa. Januari 1924 madereva walipogomea punguzo la baadhi ya malipo yao, NUR ilikuwa imeshalikubali na haikutoka nao. Mgomo huo uliangukia wiki ileile Ramsay MacDonald alipokuwa waziri mkuu wa kwanza kutoka chama cha Labour. Serikali ya wafanyakazi ilipokewa na mgomo wa wafanyakazi.

Mgomo Mkuu wa 1926 uliwafundisha Waingereza jambo jingine. Wanafunzi wa vyuo vikuu na mabwana wenye kupenda treni walijitolea kuziendesha, na picha zao zimebaki za kuchekesha mpaka leo. Treni walizoweza kuzitembeza zilikuwa chache, na ajali zenye vifo zilitokea, mojawapo mjini Edinburgh. Dereva hajui injini tu. Anajua njia: mteremko uko wapi, taa ya ishara inachomoza baada ya kona gani, breki zishikwe kabla ya daraja lipi. Mpaka leo haruhusiwi kuendesha kwenye njia ambayo hajafundishwa na kuthibitishwa kwamba anaijua. Kwa hiyo mwajiri hawezi kuokota madereva wapya mtaani mgomo unapoanza, na ASLEF imelijua hilo siku zote.

Mwaka 1955 ilikuwa zamu ya fedha, au tuseme heshima iliyopimwa kwa fedha. NUR ilikuwa imewapatia nyongeza wafanyakazi wa vyeo vya chini, na madereva wakaona pengo kati yao na mpagazi linafutika. Waligoma siku 17 kuanzia mwisho wa Mei, siku chache tu baada ya Anthony Eden kushinda uchaguzi, na serikali ikatangaza hali ya hatari. Wasomaji wa Tanzania wenye kumbukumbu ya mgomo wa reli wa Tanganyika wa mwaka 1960, uliodumu siku 82 chini ya uongozi wa Kasanga Tumbo, wataona siku 17 ni mchezo. Ila wakati huo malori ya Uingereza yalikuwa yanavizia mizigo ya reli, na mizigo mingi iliyohamia barabarani wakati wa mgomo haikurudi. Madereva walipata nyongeza kwenye shirika ambalo sasa lilikuwa na kazi pungufu.

Injini za mvuke ziliondoka, za dizeli na umeme zikaingia, na mwaka 1968 moto wa mwisho ukazimwa kwenye huduma za kawaida. Mtia makaa hakuondoka nazo. Kwa miaka mingi aliendelea kukaa pembeni ya dereva kama msaidizi kwenye treni ambazo hazikuwa na makaa ya kutia. British Rail ilimezea, kwa kuwa kila ilipogusa jambo la idadi ya watu au saa za kazi, gharama ya ugomvi ilizidi gharama ya kunyamaza.

Ndipo tunafika kwenye saa yetu moja.

Kufikia 1981 reli ilikuwa inadaiwa, serikali ya Margaret Thatcher haikuwa na hamu ya kuilipia, na mwenyekiti wa British Rail, Sir Peter Parker, alihitaji kuonyesha kwamba fedha anazoomba hazipotei bure. Hesabu yake haikuwa ya kijinga. Treni hazijui saa nane. Safari moja ya kwenda na kurudi inakula saa sita na nusu, nyingine saa nane na dakika arobaini. Ya kwanza inamwacha dereva kijiweni akinywa chai kwa mshahara. Ya pili inahitaji madereva wawili. Ukiruhusu zamu ya saa saba hadi tisa, bila kuongeza jumla ya saa za wiki, treni zilezile zinaendeshwa na watu wachache zaidi. Magadi wa treni, waliokuwa chini ya NUR, walikubali. Madereva walikuwa wameahidiwa nyongeza ya asilimia 3 katika makubaliano yaliyogusa suala hilo, lakini kila upande ukayasoma kwa miwani yake. Bodi ya British Rail ilisema ahadi ya kubadili zamu ilitolewa. ASLEF ilisema iliahidi kuzungumza tu. Bodi ikaizuia asilimia 3.

Katibu mkuu wa chama, Ray Buckton, aliwatoa madereva kwa siku mojamoja na mbilimbili kila wiki, Januari na Februari 1982. Namna hiyo ya kugoma ni kali kuliko inavyoonekana: injini na mabehewa yanalala mahali pasipo pake, na siku inayofuata ratiba inaanza ikichechemea. Kamati ya usuluhishi chini ya Lord McCarthy ilikaa, lakini haikuumaliza ugomvi. Kisha bodi ikasema itaweka zamu mpya kwa nguvu, na tarehe 4 Julai madereva wakatoka wote.

Upande wa madereva haukuwa ukaidi mtupu. Zamu ya dereva haianzi saa mbili asubuhi kama ya karani. Inaanza saa tisa na dakika kadhaa usiku, wiki ijayo saa nane mchana, na akili lazima iwe macho kwenye kila taa. Saa tisa za namna hiyo zina uzito wake. Zaidi ya hapo, walijua kupiga hesabu kama Parker: zamu zikibanwa vizuri, maelfu ya nafasi zitayeyuka. Lakini mazingira yalikuwa yamebadilika kuliko chama kilivyotambua. Vita vya Falklands vilikuwa vimemalizika mwezi uliotangulia, Thatcher alikuwa kileleni, na watu wengi walikuwa wameshazoea kwenda kazini kwa gari. Parker alitangaza kwamba atafunga mtandao mzima na kuwaachisha kazi wagomaji. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TUC, lilitazama mizani, likaiambia ASLEF ikubali. Tarehe 18 Julai mgomo ukaahirishwa, na haukurudi. Madereva wengi waliamini kwamba walisalitiwa na ndugu zao. Wanaoijua historia ya 1924 hawakushangaa sana.

Kwa hiyo saa nane zilishindwa. Ila kilichofuata kinachekesha, kwa sababu soko huria ambalo Thatcher alilihubiri ndilo lililowainua madereva kuliko Buckton alivyowahi kuota. Sheria ya 1993 ilivunja British Rail, na huduma za abiria zikagawiwa kampuni 25. Wamiliki wapya walianza kwa kupunguza watu, kisha wakagundua kwamba treni zinaongezeka na madereva hawatoshi. Kumfundisha dereva mmoja kunachukua mwaka au zaidi. Kumnyakua wa jirani kwa kumwongezea mshahara ni kazi ya wiki chache. Wakanyakuana. Mishahara ikapaa, wiki ya kazi ikafupishwa, kwingi ikawa ya siku nne, na pengo likazibwa kwa kuwaomba madereva waje siku zao za mapumziko kwa malipo ya ziada. Katika kampuni nyingi Jumapili iliachwa nje ya wiki ya kazi kabisa. Kuajiri wa kutosha kungegharimu zaidi, na kampuni yenye mkataba wa miaka saba haifikirii mwaka wa kumi.

Huo ndio mtego ambao menejimenti ilijitegea. Ratiba iliyojengwa juu ya siku za mapumziko za watu wengine haihitaji mgomo ili ianguke. Mgomo baridi unatosha: chama kinawaambia wanachama wasikubali saa za ziada, kila mtu anafanya kazi yake ya mkataba barabara, hakuna anayekatwa mshahara, na mamia ya treni yanafutwa. Desemba 2016 mseto wa mbinu hizi uliifunga kabisa Southern, kampuni inayobeba watu wanaofanya kazi London kutoka kusini, kwa siku kadhaa. Safari hii hoja ilikuwa milango: afunge dereva peke yake, au gadi abaki.

Mgogoro mrefu kuliko yote ulianza Julai 2022, bei za vitu zikipanda. Serikali ya Conservative ilisema nyongeza itolewe pamoja na mabadiliko ya kazi, na Jumapili ilikuwa miongoni mwake. Mick Whelan wa ASLEF alikataa kuviunganisha. Bunge lilipitisha sheria ya kulazimisha huduma ya kiwango cha chini siku za mgomo. Mapema 2024 kampuni ya LNER ilipoashiria kuitumia, chama kikatangaza siku tano zaidi za mgomo kwenye kampuni hiyo, na LNER ikaghairi. Baada ya siku 18 za mgomo na miezi ya kugomea saa za ziada, Labour iliingia madarakani na kutoa asilimia 5, 4.75 na 4.5 kwa miaka mitatu, bila sharti la kubadili kazi. Septemba 2024 madereva waliikubali kwa asilimia 96.6 ya kura.

Wapinzani walipiga kelele kwamba serikali imetoa bila kupokea. Walikuwa sahihi kuhusu kilichoandikwa. Walichosahau ni nani alijenga ratiba hiyo ya kuombaomba. Sasa kampuni zinarudi mikononi mwa umma mojamoja, South Western Railway ikitangulia chini ya sheria mpya Mei 2025, na kila moja inakuja na mikataba yake: hapa Jumapili ni siku ya kazi, pale ni hiari, kwingine ni hiari ambayo ukishajiandikisha huwezi kuikataa. ASLEF yenyewe imesema haipingi Jumapili kuingia kwenye wiki ya kazi, mradi madereva waajiriwe wa kutosha kuifidia. Madereva hao wapya, wakianza mafunzo leo, hawatakuwa tayari kabla ya mwaka kwisha.